Bikoni ya Nne

Kiwanja kina pembe nne. Tatu tumeziona:
moja kwenye mikorosho michanga,
moja njiani, imegongwa na trekta ikainama,
moja imevaa ukoga kama jino la bibi.
Ya nne haionekani.

Fundi Nangumbi anafyeka, anahesabu hatua,
anakunja kamba, anahesabu upya.
"Mama, ramani haidanganyi," anasema,
"nyasi ndizo zinazodanganya."

Mimi ni Koku wa Kamachumu, kwenye migomba.
Huku Mitwero nilifika mara moja tu, harusini,
nikaandaliwa ming'oko, nikadhani ni mizizi ya dawa,
wakwe wakacheka mpaka wakashika mbavu.
Kisha miaka kumi na tisa Lesta,
nikigeuza vitandani wazee wa watu,
na Chilumba usiku akipakia mizigo ghalani,
akilipia kiwanja hiki kidogo kidogo,
risiti akizitunza ndani ya kopo la biskuti.
Kila baridi ilipouma alisema: tutarudi.
Nami kila mara nilijibu kimoyomoyo:
wewe utarudi. Mimi nitahamia.

Sasa yeye yuko kule, safu ya saba,
chini ya majani yanayokatwa na manispaa kila Ijumaa,
na mimi niko hapa natafuta jiwe lake.
Mwenye udongo amelala ugenini;
mgeni ndiye anayeulizwa: utajenga lini?

Nimeuliza kila kitu. Nimekuwa kero.
Maji? Yanakuja Jumanne, Jumanne ikipenda.
Umeme? Mtu wa gesti alifungua mdomo,
giza likamjibia.
Dawa zangu za presha zipo, ila boksi ni la kijani,
kule ni jeupe. Muuza dawa kaniapia
kwamba moyo hausomi boksi.
Pensheni bado miaka sita ikomae.
Na Kemi, mwanangu, kwenye simu:
"Mama, usiniambie umeamua. Niambie umekula."
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
"Ukihamia huko,
nani atakwenda kupangusa jina la baba?"

Sikulala.
Mbu mmoja tu, chandarua kizima,
na swali lile.

Ya nne tumeipata kwa Bi Somoe.
Iko uani kwake, katikati ya majivu,
nyeusi tii kwa mafuta ya maganda:
miaka minane anabangulia korosho juu yake.
Hakuona haya. Aliifuta kwa upindo wa kanga,
namba ikatokea, kama mtu aliyeamshwa.
"Ua wangu umekula hatua nne, najua.
Pembe yako chukua, mke wa Chilumba.
Ila ukija, jiwe usilihamishe.
Limeshauzoea mkono wangu."

"Na nisipokuja?"

Akaweka korosho, akagonga mara moja,
ikatoka nzima, haikuvunjika hata ncha.
Akanipa.
"Basi nitaendelea kukulindia."

Ilikuwa bado ya moto.
Niliitafuna polepole, kwa aibu kidogo,
maana ni mara ya kwanza
kitu cha hapa kunipa mtu
bila kuuliza natokea wapi.

Leo asubuhi, ofisi ya ardhi.
Nimelipa kodi ya miaka mitatu, na faini.
Karani akanisogezea fomu,
kidole juu ya mstari: *Anuani ya kudumu.*
Nikaomba penseli.
"Hapa tunatumia kalamu tu, mama."
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Ndege ni Alhamisi.
Niliiwaza safu ya saba na mvua yake nyembamba,
mvua isiyojua kubisha hodi.
Niliuwaza mkono wa jirani, mweusi kwa maganda.
Kisha nikaandika *Mitwero*,
herufi ndogo ndogo, nikibana kushoto,
ili ibaki nafasi
ya neno jingine.