Mtoto wa Fatu, Siku ya Tatu

Lebo imeandikwa haraka: Mtoto wa Fatu Chitanda,
siku tatu, macho ya manjano.
Jina hajapewa. Damu ameshatoa.

Ukungu wa Shimo la Mungu umeingia maabara bila hodi,
nimewasha taa saa nne asubuhi.
Nadondosha rangi ya zambarau, nasubiri,
nainamia hadubini.

Zilitakiwa ziwe visahani, laini, vya kubonyea,
vya kupenya mshipa mwembamba kuliko vyenyewe.
Ninaona maandazi yaliyomegwa,
kila moja na pengo lake, kana kwamba panya alipita usiku,
na ndani, zikiegemea ukuta,
nukta za zambarau iliyoiva.
Nahesabu. Nikifika mia naanza upya,
si kwa kuwa nimekosea.

Kila chembe imebeba chuma, na chuma kimebeba hewa:
mzigo na adui ni kitu kimoja.
Hewa ileile inayompa sauti ya kulia
hutafuna utando, mafuta yake yakachacha
kama korosho iliyosahauliwa ghalani hadi masika.
Wengine wana mlinzi wa zamu, kimeng'enya kisicholala,
huzima cheche kabla hazijawa moto.
Kwa huyu, mlinzi amekuja nusu.

Nikaenda wodini.
Mmempa dawa gani? Hatujampa.
Mizizi? Hata, dada, tunaapa.
Kisha nikaisikia harufu ya ile kanga.

Bi Nakambale aliitunza miaka kumi na moja
kwenye sanduku la bati, uvunguni,
tangu msimu ule korosho ilipolipa:
kanga doti mbili, shuka jeupe, kofia ya uzi,
vyote vikimngoja mjukuu,
na katika kila kunjo vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo,
vinang'aa kama peremende.
Sanduku limeliwa na kutu. Kanga haina tobo.

Nilimweleza polepole. Harufu imepenya ngozi,
imewasha cheche nyingi kuliko nusu mlinzi awezavyo kuzima.
Akauliza: Fatu akila mabibo, je?
Nasikia yana vitamini, na uani kwangu yanaoza tu.
Nikasema, kuleni, Bibi, ni matamu.
Pengo hili halizibwi na tunda.

Fatu akauliza imetoka kwa nani.
Kwako, nikasema. Sikupata neno laini zaidi.
Nikaongeza kwamba huenda ndiyo iliyokupunguzia makali ya malaria
ulipokuwa mdogo,
ila alikuwa ameshageukia dirisha.

Sasa mtoto yuko chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho,
ngumi zimekunjwa.
Nje, Bi Nakambale anaifua kanga mara ya nne,
na ndoo ya maji Newala si ya mchezo.
Anaikung'uta, anaipeleka puani,
anairudisha kwenye povu.