Dakika Sita Kasoro

Saa zetu ni tatu hapa Jabali Shamsi.
Ya ukutani inasema tisa na ishirini.
Ya kompyuta, ile ya walimwengu wote,
inasema tano na ishirini.
Na ya mama, anayepiga simu kutoka Al Hamra
kuuliza kama nimeshakunywa chai,
ni saa tatu na dakika ishirini,
kama walivyohesabu Wete alikozaliwa.
Zote kweli.
Jua lenyewe halivai saa.

Sasa hivi chombo kimefumbua jicho.
Kimekwenda kuinamia moto
theluthi tu ya masafa yetu,
kimesimama ubavuni
kama mtu achunguliaye pembeni mwa mlango.
Sisi tunalitazama doa lile lile kwa mbele:
jeusi, pana kuliko dunia.
Limepewa namba. Yakdhani analiita Kovu.

Nuru imekipitia chombo kwanza,
bado iko njiani kuja kwetu.
Dakika sita kasoro.
Basi ili tuone pamoja
haifai tutazame pamoja.
Hesabu hiyo nimeiandika kiganjani kwa wino.
Nilicheka nilipoiandika,
kisha sikucheka.

Kuna chuma ndani ya Jua,
si nondo, si msumari,
pumzi ya chuma.
Mstari wake mwembamba kwenye nuru
ukipita penye sumaku
hupasuka ukawa mitatu,
na upana wa ufa ndio nguvu yenyewe.
Lakini uga wa sumaku ukijilaza,
darubini moja haijui
umeelekeza kichwa kulia au kushoto.
Itakuapia yote mawili.
Ndipo utakapo shahidi wa pili,
aliyesimama kwingine,
asiyesikia ulichokisema wewe.

Dakika nne.
Vumbi linapanda kutoka Rubu al-Khali,
rangi ya unga wa dengu,
limeshameza minara ya Bahla.
Yakdhani halitazami. Anafuta kioo
ambacho hakina kitu.

Kule bondeni ami Mhenna hugawa maji ya falaji
kwa kivuli cha kijiti.
Huko athari si matokeo ya jambo,
athari ni nusu saa ya maji.
Kivuli kikigusa jiwe lako, unafungua.
Kikigusa la jirani, unafunga,
hata kama mizizi haijalowa.
Baba alisinzia siku moja.
Maji yakapita mlangoni petu yakiimba,
yakaenda kunywesha majani ya mbuzi wa watu,
na hakuna aliyetuomba radhi, kwani radhi ya nini?
Mwaka ule ndimu zetu
zilikuwa ndogo kama gololi.

Na sisi tumepewa nusu saa.
Athari moja ya Jua.
Barua za miezi kumi na minne,
nchi tano, watu wanaoamka usiku kwao
ili kwetu pawe asubuhi.

Sekunde kumi na mbili.
Yakdhani amebana pumzi
kama kwamba pumzi yake ndiyo ingetikisa picha.

Fungua.

Kovu likaja, likitetemeka
kama sarafu chini ya maji ya moto,
likatulia, likatetemeka, likatulia.
Mstari wa chuma ukapasuka.
Mmoja. Mitatu.
Sikusema kitu. Nilihesabu.

Tulipata dakika kumi na moja.
Ya kumi na mbili ilikuwa vumbi,
na zilizobaki zote vumbi,
na huko mbali chombo kikaendelea kutazama
miadi yake yote, hadi mwisho,
kisijue kwamba mwenzake ameshafungiwa maji.

Ushahidi wake utatufikia baada ya wiki tisa.
Kulia, au kushoto.
Yakdhani ameweka dau sahani ya halua: kulia.
Mimi sijataja upande.

Simu inalia tena.
Bado, mama.
Bado nini?
Nafuta kiganja kwa mate.
Kasoro imetoka. Sita imegoma.