Mwanga wa Kumwagika

Taa ilipokuja ilikuja uchi:
vichipu ishirini na vinne juu ya bamba la alumini,
kila kimoja kama chembe ya mchele,
na kila kimoja kikipiga kelele.
Mwanga wa ledi usiofunzwa hauna adabu,
hutawanyika kama watoto waliofunguliwa chuoni,
nusu ukutani, nusu mawinguni,
na kidogo, kidogo tu, chini panapokanyagwa.

Kibokoni, nyuma ya ghala la mashuka,
watu walilalamika.
Maimuna aliziba dirisha kwa kanga mbili.
Shee Badi alijikwaa kidato cha tatu,
akavunja jino na chupa ya mafuta ya nazi,
taa ikiwaka juu ya kichwa chake.

Nikaitwa mimi, fundi wa Bondeni,
mwenye ngazi, mkoba, na kisanduku cha lenzi:
za akriliki, ndogo, kama vitone vya gundi vilivyoganda,
mgongo upande huu, bonde upande ule.
Mwanga huwezi kuuambia "pita huku".
Huwekewa mteremko tu, ukajipeleka.
Kwenye karatasi ya kiwandani umbo lake limechorwa
kama mbawa za popo:
chini ya taa haba, pembeni tele.
Nilipokuwa mwanagenzi nilidhani mchapaji amekosea.
Kumbe ndiyo hesabu yenyewe: aliye mbali hupewa zaidi
ili yeye na aliye karibu
wahesabu chenji zao kwa nuru moja.

Nikapanda. Skrubu nne,
na chumvi ya hewa ishaanza kuzila.
Nikapuliza vumbi, nikabandika lenzi,
nikakaza mpira wa kuzuia mvua.
Nilipowasha, kichochoro kilinyooka
kama mkeka uliokunjuliwa.
Vidato vikahesabika.
Dirisha la Maimuna likalala.
Nikashuka nikijiona.

Siku ya nne mtoto akaja karakanani:
Bi Mwanamize Shufaa ataka kukuona.
Dirisha la juu, upande wa pili,
ambalo sikulipigia hesabu.
Kofia ya viua magotini, sindano imesimama.
"Taa yako nzuri, mwanangu," akasema,
"lakini siku hizi yapita na hamsini zake, hainisalimii.
Tangu Rajabu nashona kwa ule mwanga
mliosema wapotea.
Mimi sikuuona ukipotea.
Ulikuwa ukija kwangu."

Sikuwa na la kujibu.
Kwenye daftari langu la vipimo chumba chake
kilikuwa mstari mmoja kwa kalamu nyekundu:
hasara, asilimia tatu.

Jioni nikarudi na chipu moja
na lenzi nyembamba ya nyuzi kumi na tano,
ile wanayoitumia masonara kuipa pete kiburi.
Nikaifunga darini, juu ya kiti chake.
Mwanga ukashuka kama maji ya birika,
ukajaa viganja viwili, usimwagike.

Akanyoosha mkono, akakitazama kivuli chake,
akasema kiti kisogezwe inchi mbili kushoto.
Tukasogeza. Akachoma sindano.

Kofia ilikuwa na matundu mia na ushei,
na kupitia kila tundu, juu ya goti lake,
nuru ikaanguka vitone vitone.
Hivyo sikuvipima.