Mstari Niliouruka

Miaka saba niliisali sala ile ikiwa na pengo.
Hakuna aliyejua. Kanisa letu pale Mikindani
ni la mabati, mvua ikinyesha hata kengele haisikiki,
na ukikaa nyuma, karibu na spika mbovu,
unaweza kuuruka mstari mzima
ukaja kuwadaka wenzako kwenye majaribu
bila mchungaji kugeuza shingo.

Mstari wenyewe ni ule wa deni.

Deni langu lilikuwa na jina: Wakesho.
Tumenyonya ziwa moja, yeye kitinda mimba.
Lilikuwa na tarakimu: elfu arobaini na sita, mia tano,
na sahihi yangu chini yake, kwenye kitabu cha chama,
pale palipoandikwa mdhamini.
Yeye alihama usiku. Chama kilikuja mchana.
Wanawake niliowashonea sare za kwaya
wakaibeba cherehani ya marehemu mama
kama jeneza, wawili mbele, wawili nyuma,
na mguu wake wa chuma ukakwaruza saruji
mchirizi ambao hata leo nikifagia nauona.

Usiniambie yaliyopita si ndwele.
Yalikuwa ndwele. Yalinilaza.
Nikaenda kibarua kiwandani Jomvu,
kushona mfuko wa suruali, mmoja tu, wa kushoto,
kutwa, wiki, mwaka, wa kushoto,
na kila mfuko, kabla sijaufunga,
nililitia jina lake ndani.

Kisha Jumapili moja ya Meza ya Bwana
nikapiga magoti, nikanyoosha viganja,
nikaona vimefumba.
Sikuvifumba mimi.
Au labda vilikuwa hivyo siku zote,
na mkate nilikuwa nikiupokea juu ya ngumi.

Nikainuka. Shemasi Righa alidhani tumbo linanisokota.

Feri ilipofika Likoni, ule mlango wake
ukashuka ukakwaruza saruji.
Sauti ileile.
Nusura nirudi na feri hiyohiyo.

Mtongwe, chumba cha tatu, pazia la kijani.
Alitoka na unga mikononi,
mvi zimemwanza upande mmoja, kama mama.
Hakusema nisamehe. Alisema, "Umekonda."
Nami, niliyekuja na maneno ya njia nzima,
nikasema, "Umenenepa."
Akaniletea maji. Bilauri ilikuwa na ufa;
akaigeuza kabla ya kunipa,
ufa ukae mbali na mdomo wangu.

Sikumwambia hapakuwa na deni.
Nani anasamehe kisichokuwepo?
Hata Yeye, siku ile, milango imekomewa,
alisema amani, kisha akawaonyesha mikono.
Hakuyaficha matundu ili amani iingie.
Basi nami nikasema, "Wakesho, ulinivunja."
Nikaweka viganja mezani, wazi, vinatetemeka.

Alinyamaza mpaka uji ukafurika jikoni.
"Nilikuwa na mimba," akasema. "Na mwenyewe kashakimbia.
Chama sikukiogopa. Niliogopa uso wako."

Mimba yenyewe ikaingia kutoka uani,
miaka sita, jina la mama yetu, Mghoi,
peremende zikimdondoka njia nzima,
mfuko wa sketi umetoboka.
Wa kushoto.
Nikaomba sindano.

Pesa hajalipa. Labda hatalipa.
Simu zake nyingine naziangalia zikilia
mpaka zinyamaze, ndipo nampigia mimi.
Mchirizi uko palepale sakafuni.

Lakini Jumapili iliyofuata, mvua juu ya mabati,
nilipofika kwenye ule mstari sikuuruka.
Nilipunguza mwendo. Wenzangu wakanipita,
wakaingia majaribuni bila mimi,
wakafika kwenye ufalme, wakafika amina,
nami bado niko kwenye deni,
nalitamka neno kwa neno, jicho moja nimelifumba,
kama mtu anayetunga uzi sindanoni.