Kisima cha Saba

Kila Jumanne Eufrasia hushusha utepe,
hungoja mlio wake mwembamba
ncha inapogusa maji.
Mita kumi na nne. Mwaka jana, kumi na mbili.

Mhandisi wa mgodi huandika namba ileile
kwa kalamu nzuri zaidi.
"Maji tunayachuja, mama, tunayarudia.
Barabara tunainyunyizia mara moja tu."
Kweli. Siku hizi shuka zake
hukauka kambani zikiwa nyeupe.

Ila chumvi ya Atacama haina siri:
imeacha mstari pale ziwa lilipoishia jana,
na mwingine, wa juzi.
Heroe wanne wamesimama
palipojaa mia.

Anaukunja utepe,
anaukung'uta juu ya kisima:
tone lililong'ang'ania
lirudi kwao.