Mstari wa Kumi na Tisa

Kitabu cha ubatizo cha Kidugala kinanuka moshi na mikojo ya panya.
Mwinjilisti Nyagawa ananihimiza:
saa tisa anafunga, ana viazi vya kupalilia.

Namtafuta babu wa babu,
aliyepanda kutoka Usangu na jembe moja,
wa kwanza kujenga huku, tunavyosema.
Hakuonja ulanzi maisha yake yote.
Alivunja vibuyu vya mkewe mbele ya kanisa,
na Jumapili hata kuni hazikupasuliwa kwake.

Huyu hapa. Wino umegeuka kutu.
Yeremia. Mkulima. Baba yake: mpagani.

Nukta.
Kalamu ya Mjerumani imeshakwenda kwa mwingine.

Mimi, baba, Zakaria, Yona, Yeremia,
halafu ukuta.
Mchungaji hakuuliza jina?
Au aliuliza, na Yeremia
akatazama vidole vyake vya miguu?

Mvua inanikuta njiani, najibanza kibandani kwa mgema.
Mianzi hii ya nani?
Anafuta mdomo kwa mkono.
"Siku hizi ya wote. Ila panaitwa Kwa Lugome.
Ndiye aliyeipanda, zamani hizo.
Mwanawe alihamia kanisani,
hakupita tena njia hii, hata msibani."

Ananimiminia kutoka kwenye mbeta.
Naomba kalamu. Hana.
Basi nalirudia jina tope zima,
Lugome, Lugome,
hadi barabara ya lami,
mdomo ukinuka ulanzi.