Kona Isiyofagiwa

Wanawake wa msiba walikuja na mifagio yao,
wakaing'arisha nyumba kwa nia njema,
wakafuta hata ile kona ya juu ya kabati la vyombo
ambayo kwa miaka thelathini na mmoja
hapakuwa na mkono uliothubutu kuigusa.
Mama hakulia kaburini. Alilia pale,
upawa mkononi, akiutazama ukuta mweupe.

Nani angewaeleza?
Kwamba baba, Hezekia Chilewa, fundi pampu wa visima vya Mzakwe,
alikuwa akifuga buibui.
Si uchawi, enyi majirani wa Nkuhungu:
ule utando wa mayai yao, mwembamba kama karatasi ya sigara,
aliubandua kwa ncha ya kisu, akaulowesha kwa mate,
akauziba nao tundu la ilimba
ili mlio utoke na mkwaruzo kidogo,
kama koo la mtu aliyeamka sasa hivi.
"Sauti safi mno," alisema, "haina kwao."

Kazini aligonga mabomba kwa spana, akatega sikio.
Hili limechoka. Hili linadanganya.
Akirudi jioni, vumbi hadi kwenye kope,
hakuanza kuulizia ugali. Alimuuliza mama,
"Leo umeimba nini?"
Na mama, akikoroga mlenda, bila kugeuka:
"Nimeimba bili ya umeme."
Basi bili hiyo itatungiwa wimbo usiku uleule,
sisi watoto kiitikio,
Mahinyila na ndoo yake na mwiko,
mpaka siku ndoo ilipopasuka, na maji yenyewe ya kununua.
Tukanyamaza tukingoja fimbo.
Baba akaiziba kwa lami, akaigonga, akainamisha kichwa:
"Sasa ina besi."

Sitamfanya malaika.
Aliuza beberu wa mama akanunua santuri
na nyumbani hatuna cha kuipigia.
Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha kwa vidole,
akasema inasomeka.
Walinuniana mpaka Pasaka.

Na usiku ule niliorudi kutoka Singida
na begi moja, na mimba ya miezi sita,
hakuniuliza yuko wapi mwenye mimba.
Alisema "Mbukwa" kama kwa mgeni wa heshima,
akanipisha mlangoni,
akaketi nje kwenye kigoda, mgongo wake ukutani kwangu,
akawa anabonyeza ulimi mmoja tu wa ilimba,
uleule, uleule,
polepole kama mtu anayehesabu mbegu za uwele mwaka wa njaa.
Sijui aliacha saa ngapi.
Niliamka jua limeshafika kwenye mizabibu ya jirani
na kigoda kilikuwa bado pale, kimelowa umande upande mmoja.

Sasa ni Julai. Upepo unapekua mabati
kama mdeni anayetafuta risiti.
Ilimba iko palepale, utando wake umetoboka.
Nyemo, mwanangu, huishusha akitoka shule, akaibonyeza,
nayo hulia safi,
safi hadi natoka nje nikajifanye naanua nguo.

Jana mama alifagia.
Alifika kwenye kabati, akainua ufagio, akasimama.
Uzi mmoja. Kutoka msumarini hadi kwenye kalenda ya mwaka jana,
mwembamba hivi kwamba ilibidi ainamishe kichwa
kama alivyokuwa akiinamisha mumewe
ndipo auone.
"Tuachie," alisema,
sijui aliniambia mimi au aliuambia ufagio.

Jioni kijana wa mamlaka alileta bili ya maji.
Mama alivaa miwani, akaisoma kwa sauti:
jina la mteja, bado la baba;
namba ya mita; deni la nyuma.
Kwenye deni la nyuma
sauti yake ilikwaruza.
Nyemo akaivuta ndoo.